TUSINGOJE MPAKA TUANZE KUOKOTA MAKARATASI

Mwaka jana niliandika katika jarida hili kisa cha makanga wa Jogoo Road, na wengi wenu mliniambia mlicheka mpaka mkashika mbavu. Mwaka huu mhariri aliniomba kisa kingine cha kuchekesha. Nilimwambia, "Mhariri, nisamehe, sina." Nina jambo moja tu ambalo limekaa kifuani mwangu tangu mwaka uliopita, nami naona nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi watu wa mitaa ya Eastlands hatujui ni wakati gani mtu anafaa kutafuta msaada akili yake inapoumwa. Mguu ukiteguka pale uwanjani tunajua la kufanya. Jino likiuma tunajua. Akili ikiumwa, tunangoja. Tunangoja mno. Nasema "tunangoja" kwa sababu mimi mwenyewe nilingoja karibu muhula mzima.

Hebu tuanze na salamu zetu. Kutana na mtu Jericho, Maringo, Kaloleni, Umoja au Dandora, mwulize, "Niaje?" Atakujibu, "Poa." Mwenye nyumba anaweza kuwa ametia kufuli mlangoni kwao asubuhi hiyo hiyo, lakini jibu ni "poa." Babake anaweza kuwa amefutwa kazi kule Industrial Area, na bado ni "poa." Halafu siku moja mtu huyo akishindwa kabisa kusema poa, tunasema amechizi. Sasa nauliza, kati ya poa na chizi pana nini? Hatuna neno. Ni kama matatu inayotoka Muthurwa ikaenda hadi Kayole bila kusimama City Stadium, Makadara wala Donholm. Abiria anataka kushuka lakini hakuna kituo.

Na tazameni ajabu. Lugha hii tunayoitukuza katika chama chetu ina maneno tele ya hapo katikati. Kuna huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, kihoro, sonona. Mwalimu alituandikia maneno haya ubaoni, nasi tunayatumia katika insha ili tupate alama. Lakini ni nani kati yetu amewahi kumwambia rafiki yake kwa kinywa chake, "Bwana, nina simanzi"? Angechekwa mpaka mwisho wa muhula!

Kipimo chetu cha mtaani ni kimoja tu, nacho ni kuokota makaratasi. Tangu nikiwa mdogo nimewasikia watu wazima wakisema juu ya jirani aliyeanza kujifungia nyumbani, "Huyo bado yuko sawa. Hajaanza kuokota makaratasi." Kipimo hiki, ndugu zangu, ni kibaya. Ni sawa na kusema nyumba haijaungua mpaka paa lianguke.

Sasa nitawaeleza yaliyonipata. Sielezi ili mnionee huruma. Naeleza kwa sababu naamini kuna mwenzangu mmoja au wawili watakaosoma ukurasa huu na kujiona ndani yake.

Mamangu anauza nguo za watoto za mitumba Gikomba. Moto wa Gikomba si habari ngeni kwa watu wa upande wetu. Mwezi wa Juni mwaka 2018 moto mmoja uliwaua watu 15, na mingine mingi imetokea kabla yake na baada yake. Mwaka jana, muhula wa pili, mmoja ulifika kibanda cha mama. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini marobota mawili aliyokuwa ameyafungua wiki hiyo yaligeuka jivu, na moja lilikuwa la mkopo wa chama. Mama alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne alitandika karatasi ya nailoni chini akaanza upya na nguo chache alizokopeshwa na rafiki yake. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mtu alisema, "Mama yenu ni mwanamke ngangari." Ni kweli.

Mimi hakuna aliyenipa pole, wala sikuitarajia. Kibanda hakikuwa changu. Nilijiambia kazi yangu ni kusoma kwa bidii, basi.

Lakini wapi! Usingizi ulinitoroka. Nililala saa nne, nikazinduka saa nane usiku, nikakaa macho wazi nikisikiliza mbwa, kisha muadhini, kisha matatu za kwanza zikipiga honi. Mpira nilioupenda kuliko chakula niliuacha. Jioni wenzangu wakienda uwanja wa Camp Toyoyo, nilisema nina kazi ya ziada. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimeketi kitandani nikitazama ukuta. Chakula nacho kikawa kama karatasi mdomoni, hata chapati za Jumapili. Kichwa kiliniuma kila siku, na tumbo pia.

Kwa kuwa nilijua magonjwa ya mwili pekee, nilitafuta ugonjwa wa mwili. Nilipimwa malaria, sikuwa nayo. Nilipimwa homa ya matumbo, sikuwa nayo. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza zote, na tumbo likabaki vile vile. Kila senti ya vipimo hivyo ilitoka kwenye ile karatasi ya nailoni ya mama, nami nililijua hilo, na kulijua kukanizidishia maumivu.

Shuleni nilianza kusinzia. Nikaandikwa katika daftari la makosa mara nne, na sababu iliyoandikwa kila mara ilikuwa neno moja, uvivu. Hisabati yangu ilishuka kutoka B hadi D. Jirani yangu wa dawati aliniuliza, "Buda, umejam? Siku hizi huongei." Mnajua nilimjibu nini? "Poa."

Nitasema na la mwisho, ingawa mkono unasita. Katika wiki ya sita au ya saba lilinijia wazo kwamba nyumba yetu ingekuwa na nafuu kama nisingekuwapo. Karo moja ingepungua, na sahani moja. Wazo hilo lilikuja kama hesabu tu, bila kelele. Kinachonitisha leo ni kwamba siku ile halikunitisha.

Sikwenda kutafuta msaada. Huo ndio ukweli, wala sitaki mtu anione shujaa. Msaada ulinikuta penye mfereji. Katika uwanja wetu tunatumia mfereji mmoja nyumba kadhaa, na jioni moja nilikwenda kuteka maji. Jirani yetu mmoja ni muuguzi mstaafu, mama wa makamo ambaye sisi watoto tulimwogopa kwa ukali wake. Alisimama nyuma yangu na mtungi wake kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, ndoo imejaa zamani."

Nilitazama. Maji yalikuwa yakimwagika hadi kwenye viatu vyangu, wala sikuwa nimeona.

Hakunigombeza kwa kupoteza maji. Alifunga mfereji, akaniketisha kwenye jiwe la kufulia, akaniuliza maswali matatu. "Tangu lini?" Nikamwambia tangu moto. "Umeacha nini ulichokuwa ukipenda?" Nikamwambia mpira, na kuongea. "Na unamficha nani?" Hapo, ndugu zangu, mimi mwanamume mzima wa kidato cha tatu nililia mbele ya mfereji na watu wakipita na ndoo zao.

Kesho yake, baada ya kuongea na mama faraghani, jirani yule alinipeleka kituo cha afya. Nilitarajia minyororo au sindano. Nilimkuta afisa mmoja kijana aliyenipa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: nimelala vipi, nimekula vipi, nimejiona mtu wa namna gani, nimewaza kufa au la. Nilijibu kweli. Nilirudi mara sita. Tuliongea. Alinitaka niamke saa ile ile kila siku, na alinitaka nirudi Toyoyo hata kama sina hamu, kwa sababu, alisema, mara nyingi hamu hufuata miguu. Nilidhani ni upuuzi. Mara ya kwanza nilisimama tu pembeni ya uwanja. Mara ya tatu nilicheza.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuongea na mama mimi mwenyewe. Nilipomaliza alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe! Nami nilidhani umenikasirikia kwa sababu karo haijaisha." Tulikuwa nyumba ya chumba kimoja na pazia, na bado tulikuwa tumefichana miezi miwili. Usiku ule aliniambia kwamba hata yeye halali. Leo naye huenda kumwona yule jirani wetu penye jiwe la kufulia, na sidhani ni kwa ajili ya nguo.

Hiyo ndiyo hadithi yangu. Sasa nirudi kwenye hoja, maana hii ni makala ya maoni, si tawasifu.

Maoni yangu ni kwamba tutupilie mbali kipimo cha makaratasi, na mahali pake tuweke yale maswali matatu ya penye mfereji. Nitayaeleza moja moja.

Swali la kwanza, tangu lini? Si kila huzuni ni ugonjwa, tusije tukadanganyana. Kukosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani ni kawaida. Kulia msibani ni kawaida, na asiyelia ndiye wa kushangaza. Kukasirika Gor Mahia au AFC Leopards ikifungwa, hata hilo ni kawaida! Lakini madaktari huhesabu siku. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hali ya kuwa na huzuni nzito au kukosa raha katika mambo yote, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, inaweza kuwa sonona. Wiki mbili tu! Mimi nilingoja saba. Kwa hiyo wewe unayesoma, chukua kalenda uhesabu. Zikipita wiki mbili, usingoje ya tatu.

Swali la pili, umeacha nini? Huzuni ya kawaida huja na kwenda. Jioni mtu akasikia utani akacheka. Ugonjwa hukunyang'anya vitu. Hukunyang'anya usingizi, chakula, marafiki, mpira, kwaya, masomo, hata kuoga. Orodhesha ulivyokuwa ukivifanya miezi mitatu iliyopita, kisha utazame ni vingapi vimebaki. Na sikilizeni mwili pia. Kichwa na tumbo vinavyouma bila vipimo kuonyesha chochote huenda vinasema jambo ambalo mdomo umekataa kulisema. Kwanza pimwa, sisemi usipimwe. Lakini vipimo vikirudi safi mara ya pili, sema na yaliyo moyoni.

Swali la tatu, unamficha nani? Hili naliona ndilo kubwa. Mtu aliyeanza kusema uongo ili asionekane alivyo, anayesema ana kazi ya ziada na hana, anayecheka darasani na kulia chooni, huyo tayari anajua kuna jambo. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna hali ambazo hazihitaji kalenda wala orodha. Mtu akiwaza kufa au kujidhuru, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akishindwa kabisa kula na kulala, basi msaada ni siku hiyo hiyo, si Jumatatu. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu, nenda hospitalini. Kuna simu ya watoto na vijana, nambari 116, ambayo hailipishwi kote nchini. Na kama ni rafiki yako aliyekuambia hivyo na kukuapisha usiseme, vunja kiapo hicho. Najua mtaani mtu akisema siri ya mwenzake huitwa msaliti. Heri rafiki akununie mwaka mzima akiwa hai.

Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu ya sheria pia. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria mtu amefikia ukingoni, halafu unamkaribisha kwa pingu! Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo mtu asikutishe kwamba ukisema utapelekwa kwa polisi.

Najua wapo watakaonipinga. Nimewasikia, na wengine nawaheshimu sana.

Wa kwanza atasema, "Kijana, ugonjwa wenu ni umaskini. Mpeni mamako kibanda, utalala." Huyu ana ukweli nusu. Kibanda kikiungua lazima mtu aumie, na kama soko lingekuwa na njia pana za zimamoto na maji ya kutosha, huenda nisingeandika makala haya. Serikali zetu zisijifiche nyuma ya ushauri nasaha. Lakini kibanda cha mama bado hakijarudi kilivyokuwa, na mimi nalala. Karo bado inalipwa kidogo kidogo, na Hisabati yangu imerudi B. Umaskini haukutibiwa. Kilichotibiwa ni kile kilichonizuia kupambana nao.

Wa pili atasema, "Omba." Nyanyangu aliniombea kwa simu kutoka mashambani, nami nilishukuru na bado nashukuru. Lakini nyanya huyo huyo ana ugonjwa wa sukari, na sijawahi kumwona akiacha dawa zake kwa sababu ameomba. Anaomba, kisha anameza. Mbona akili tu ndiyo tunaiambia iombe bila kumeza?

Wa tatu atasema, "Mwanamume hujikaza." Neno hili "jikaze" tunalitumia kama dawa ya kila kitu. Lakini hata kamba ina kiasi chake cha kukazwa, na hukatikia pembamba. Tena tuwe wakweli, vijana wengi mtaani hawajikazi. Wanajitibu wenyewe kwa muguka, kwa bangi na kwa chang'aa, kisha tunasema wameharibika tabia. Wasichana nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Wao huambiwa wana maringo au "wamekuwa wakubwa," na mambo yakaishia hapo.

Wa nne hatasema kitu. Atanicheka tu na kuniita "mtu wa Mathari." Huyo namjibu kwa historia. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, si mbali na hapa, ilianza mwaka 1910 chini ya wakoloni, na siku hizo ilikuwa zaidi mahali pa kufungia watu kuliko kuwatibu. Hofu tuliyo nayo tumeirithi kutoka siku hizo. Leo watu wengi huenda pale asubuhi, wakaonana na daktari, wakachukua dawa, wakapanda matatu kurudi kazini, na wewe uliyeketi kando yao hujui. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Wakubwa wa nchi wameshaliona. Ni sisi wa mtaani ambao bado tunacheka.

Tena tusidhani ni jambo la mtu mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba nusu ya magonjwa haya katika maisha ya watu huanza kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabuni madawati. Katika darasa la wanafunzi 49, hao ni 7. Hata ukisema makadirio hayo ni makubwa mno kwa shule yetu na kuyakata nusu, bado wapo watatu au wanne, nao jana walikuambia "poa."

Kwa walimu wetu nina maombi matatu, na nayasema kwa heshima na taadhima. Ombi la kwanza, mwanafunzi akiandikwa kwa kusinzia mara ya pili, aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Swali "unalala saa ngapi?" halichukui dakika moja. Pengine ni mvivu kweli. Mwuguzi hawezi kujua hana homa mpaka amguse. Ombi la pili, ofisi ya ushauri nasaha itenganishwe na ofisi ya nidhamu. Ilivyo sasa mlango ni mmoja na benchi ni moja, na ukionekana umeketi pale shule nzima huuliza umeiba nini. Mwenye jeraha hawezi kuketi foleni moja na mwenye kosa. Ombi la tatu, kuwe na siku moja ya wiki, hata kama ni wakati wa chakula cha mchana tu, ambapo yeyote anaweza kuingia bila kutumwa wala kuandikwa.

Msiseme hatuna wataalamu wa kutosha. Ni kweli hawatoshi. Lakini pale Harare, Zimbabwe, daktari mmoja wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliona mwaka 2006 kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache mno. Akawafundisha akina nyanya wa mtaa wa Mbare kusikiliza kwa utaratibu, wakiwa wameketi kwenye mabenchi nje ya zahanati. Kwa Kishona kuna neno la ugonjwa huo lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na akina nyanya walilitumia hilo badala ya maneno ya kizungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na nyanya hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana mimi nilishatibiwa na nyanya kama hao, tofauti ni kwamba wangu alikuwa na jiwe la kufulia badala ya benchi. Kila uwanja wa Kaloleni, Bahati na Mbotela una mama wa namna hiyo. Hajaombwa tu.

Na sisi wanafunzi? Kazi yetu si kuwa madaktari. Kazi yetu ni kuuliza mara ya pili. Mwenzako akisema "poa" na uso wake unasema lingine, mwambie, "Hapana, kweli kweli. Niaje?" Kisha unyamaze, usikimbilie kutoa mawaidha. Jirani yangu wa dawati aliponiuliza mara ya kwanza nilimdanganya. Amenieleza baadaye kwamba aliogopa kuuliza tena nisije nikamwona anajipendekeza. Simlaumu. Lakini sote wawili tunajua kwamba swali la pili lilikuwa karibu, na lingeniokoa wiki tano.

Kalamu yangu imefika mwisho wa ukurasa alionipa mhariri. Kila Ijumaa baada ya mkutano wa Chama cha Kiswahili, mimi huketi chini ya ule mwarobaini ulio nyuma ya jikoni la shule nikingoja msongamano wa magari upungue. Atakayetaka kuketi nami, karibu. Si lazima tuongee. Akitaka kuongea, nitasikiliza, na ikiwa ni jambo la kunizidi kimo tutaondoka pale wawili tukamtafute mkubwa. Na siku utakaponiuliza "Niaje?" nikakujibu kwamba leo si poa, tafadhali usicheke. Nami nikikuuliza, sitacheka.

Mwanachama,
Kidato cha Nne